Madirisha Yenye Mtoto wa Jicho

Mzee Elia aliporudi dukani kwake kutoka hospitali ya macho, mtu wa kwanza kumwona alikuwa Nchagwa. Ilikuwa bahati, lakini haikuwa ya Mzee Elia.

Nchagwa alikuwa ameketi juu ya kreti tupu la soda, ng'ambo ya barabara, karibu na stendi ya Tarime. Hakuwa na kazi yoyote, na alikuwa akiifanya kwa bidii. Alikuwa kijana wa Machochwe, mrefu, mwenye shati safi na ulimi laini kuliko shati. Mama yake mzazi alipata kusema kwamba mtoto huyu angezaliwa bubu angekuwa tajiri, maana angelazimika kulima. Mwezi uliopita alikuwa akiuza laini za simu zenye namba za bahati. Biashara hiyo ilikufa siku mteja mmoja aliporudi na fimbo kuulizia bahati yake.

Sasa alimtazama Mzee Elia, mwenye duka la vifaa vya ujenzi, akisimama mbele ya dirisha lake kubwa la kioo. Mzee alivua miwani myeusi, akavaa, akavua tena. Akafuta kioo kwa mkono wa koti. Akarudi nyuma hatua chache na kutikisa kichwa kama mtu aliyepokea habari za msiba.

Nchagwa akavuka barabara.

"Shikamoo, tata," akasema, kama Wakurya wanavyomwita baba.

"Marahaba, mura. Njoo unisaidie, wewe una macho ya kijana. Ukitazama humo ndani unaona nini?"

Nchagwa akatazama. Kioo kilikuwa na vumbi la kiangazi, moshi wa mabasi, na alama za pua za watoto wote waliowahi kuitamani baiskeli iliyoning'inizwa ndani.

"Naona ukungu, tata."

"Hata wewe!" Mzee alishika kifua. "Daktari amenitoa mtoto wa jicho, akaniambia sasa nitaona mpaka Musoma. Nimefika hapa naona ukungu uleule. Nikasema, huyu bwana amenirudishia jicho la zamani."

Mtu yeyote mwaminifu angesema: mzee, dirisha lako ni chafu. Nchagwa mwenyewe alifungua mdomo aseme hivyo, na kwa muda mfupi alikuwa karibu sana na wema. Kisha akaona jinsi mzee alivyokuwa akimsubiri, kichwa kimeinama kidogo, ameamini kabla ya kuambiwa. Mdomo wa Nchagwa ukajiendea wenyewe.

"Tata, jicho lako ni zima kabisa. Mgonjwa ni kioo."

"Kioo?"

"Kina mtoto wa jicho."

Mzee Elia akakitazama kioo kwa huruma, kama unavyomtazama mtu mliyelazwa naye wodi moja.

"Kumbe na vyenyewe vinaugua?"

"Hivi vya siku hizi, ndiyo. Vinapokea jua la huku kwetu mchana kutwa, vitakosaje kuugua? Lakini usihangaike. Mimi ndiyo kazi yangu. Natibu vioo."

Dawa ilitengenezwa nyuma ya kibanda cha mama ntilie: maji, sabuni ya unga, siki kidogo, na buluu ya kufulia ili ipate sura ya kitaalamu. Nchagwa alimketisha mzee kwenye kiti na kumgeuza atazame upande mwingine, kwa sababu, alisema, mgonjwa hapendi kutazamwa akiwa kwenye operesheni. Akasugua. Akasuuza. Akakausha kwa magazeti ya zamani.

Kwa mshangao wa watu wote, na wa Nchagwa kuliko wote, dawa ilifanya kazi. Sabuni ni sabuni hata mikononi mwa tapeli. Mzee Elia alipogeuzwa aliona misumari kwenye visanduku, akaona bei, akaona hadi karani wake aliyelala usingizi mzito nyuma ya mifuko ya saruji.

"Eeh!" akapiga kelele, na karani akaamka akidai alikuwa anahesabu.

Mzee alimlipa Nchagwa vizuri. Kisha, kwa kuwa malipo peke yake hayakumtosha moyoni, alimnunulia chai ya maziwa na chapati, akamshika mkono kwa mikono yake miwili. "Mungu akubariki, daktari," akasema. Nchagwa aliila chapati ile bila kumtazama mzee usoni.

Ni vizuri kusema mapema kwamba Nchagwa hakuwa akifanya haya kwa uroho. Alikuwa akifanya kwa ajili ya Happy.

Happy alikuwa fundi cherehani pale sokoni, binti wa Mzee Waitara wa Itiryo, mwenye mikono ya haraka na majibu ya haraka zaidi. Nchagwa alimpenda tangu siku alipompelekea suruali ipunguzwe, naye akamwambia, "Suruali haina shida, wewe ndiye umepungua." Alimwambia Happy kwamba yeye ni wakala wa madini. Baadaye akamwambia ni mchora ramani. Happy alicheka kila mara, akaendelea kukanyaga cherehani.

Lakini Mzee Waitara hakucheka. Nchagwa alipokwenda Itiryo kujitambulisha, alizungumza tangu asubuhi hadi ng'ombe waliporudi kutoka malishoni. Mzee alimsikiliza kwa heshima yote, akamwagizia na maziwa ya mgando. Kisha akasema:

"Mura, mdomo nimeusikia, ni mzuri. Sasa rudi nyumbani. Siku utakapokuja na mtamba wa kufungua mlango, ndipo tutaanza kuzungumza. Hadi siku hiyo ulikuwa unapita tu."

Mtamba mmoja, ng'ombe jike kijana ambaye hajazaa. Ndicho kitu pekee kilichosimama kati ya Nchagwa na Happy, na Nchagwa hakuwa na hata kuku.

Habari za daktari wa vioo zilienea mji mzima kabla jua halijakaa sawa. Wiki ile alitibu kinyozi, duka la simu na studio ya picha. Kisha akaitwa na Mama Agustina.

Mama Agustina alikuwa na gesti ya ghorofa yenye vioo vya buluu pande zote, jengo ambalo mbuzi wakipita husimama kujitazama. Alikuwa mjane, mnene, mpole, mwenye sauti ya chini inayokufanya usogee karibu. Mabinti zake wote walikuwa wameolewa, na mtoto wa kiume hakujaliwa. Alimkaribisha Nchagwa barazani, akamwekea chai na viazi vitamu kabla hajamwuliza jina.

"Nimesikia unatibu vioo, mwanangu."

"Kwa msaada wa Mungu, mama."

"Vyangu vina ugonjwa?"

Nchagwa akasimama, akakipiga kioo cha karibu kwa kidole, akasikiliza. Akapiga kingine. Akavuta pumzi kwa huzuni.

"Mama, umechelewa kuniita."

"Pole," akasema Mama Agustina, kana kwamba ni Nchagwa aliyeumwa. "Basi fanya hima, maana mwisho wa wiki naleta mke."

"Hongera, mama! Unaoa!"

Nchagwa hakushangaa, wala mtu mwingine wa kule asingeshangaa. Kwa Wakurya mama asiye na mtoto wa kiume anaweza kutoa ng'ombe zake akaoa mke, na watoto wa huyo mke, atakaowazaa na mwanamume wa kuchaguliwa, wakawa wa nyumba yake. Wanaiita nyumba ntobhu. Kwa hiyo Nchagwa hakuuliza swali lolote. Mwenye busara angeuliza walau moja. Yeye aliiona harusi ile kama mtu anavyoona embe lililoinama usawa wa mdomo.

"Mama, nikwambie ukweli. Mke akifika hapa akakuta nyumba ina mtoto wa jicho, ukoo wake utasemaje? Watasema ameolewa na nyumba kipofu."

"Eeh. Hiyo itakuwa aibu."

"Tena ghorofa haitibiwi kwa dawa ya dukani. Dawa ya ghorofa iko Sirari, ng'ambo kidogo. Na mwenye nayo ni mzee wa zamani. Hapokei fedha."

"Anapokea nini?"

"Ng'ombe."

Mama Agustina alimimina chai nyingine taratibu.

"Ng'ombe wa namna gani, mwanangu?"

"Mtamba," Nchagwa akasema haraka mno. "Yaani, dume hampokei. Ana masharti yake."

"Mtamba," akarudia Mama Agustina. Alimtazama kijana kwa muda mrefu, kwa macho ya upole sana, mpaka Nchagwa akahisi huenda mama huyu haoni vizuri. "Unajua kuswaga ng'ombe?"

"Mimi? Mimi ni mtoto wa Machochwe, mama. Nimeanza kuswaga ng'ombe kabla ya kutembea."

"Vizuri sana. Njoo Ijumaa asubuhi."

Ijumaa alimkuta mtamba mwekundu amefungwa uani, ngozi yake imepigwa brashi, pembe zake ndogo zimepakwa mafuta. Mama Agustina alimkabidhi kamba mwenyewe. Kisha akampa kifurushi cha viazi, maziwa ya mgando kwenye chupa, na kofia ya marehemu mumewe kwa ajili ya jua.

"Njia ni ndefu," akasema. "Usimkimbize, atapungua."

Nchagwa alishukuru na kuondoka kuelekea barabara ya Sirari. Alipopotea machoni pa watu, alizunguka nyuma ya mji na kushika njia ya Itiryo.

Sasa, mtu asiyejulikana anayeswaga mtamba mzuri peke yake katika Tarime ni mtu anayetafuta matatizo. Kule ng'ombe ana ndugu wengi kuliko binadamu. Alipopita kijiji cha kwanza, wazee waliokaa chini ya ukuta wa duka walimsimamisha.

"Mura, ng'ombe wa nani huyo?"

Nchagwa alikuwa ametunga hadithi ndefu yenye mjomba, mahari na mvua ya mawe. Lakini wazee walimkazia macho na hadithi ikamponyoka.

"Wa... Mama Agustina. Wa gesti."

"Ahaa! Pita, pita. Mpe na maji ng'ombe, kisima kile pale."

Nchagwa akaenda zake akishangaa jinsi alivyokuwa na sauti ya kuaminika. Kijiji kilichofuata, hivyohivyo. Kwingine mama mmoja alimpa na ndizi. Jioni, familia moja ilimlaza na kumfungia mtamba zizini kwao, wala haikutaka kitu. Nchagwa alijisikia kama waziri aliye ziarani. Alianza kufikiri kwamba huenda alikuwa akipoteza kipaji chake kwenye vioo.

Jumamosi, karibu na Itiryo, alisikia gari nyuma yake, limejaa akina mama wanaoimba na kupiga vigelegele. Alimvuta mtamba ndani ya mahindi ya mtu na kuinama hadi lilipopita.

"Wana sherehe zao," akamwambia mtamba. "Na sisi tuna yetu."

Boma la Mzee Waitara lilikuwa limefagiliwa hadi njiani. Watu walikuwa wengi: wazee kwenye viti, akina mama jikoni, moshi, harufu ya nyama. Nchagwa alisimama langoni na moyo ukamjaa. Kumbe mzee alikuwa na imani naye kiasi hiki! Kumbe alikuwa akimsubiri!

"Hodi!" akaita kwa sauti ya mkwe.

Mzee Waitara alikuja mwenyewe, akiwa amevaa koti. Hakumtazama Nchagwa. Alimtazama mtamba: mgongo, kwato, kiwele. Akashika sikio la kushoto lililokatwa pembe moja, akaliinua wazee waone.

"Alama ya Agustina," akatangaza. "Ndiye tuliyekuwa tukimsubiri. Sasa ng'ombe wametimia!"

Vigelegele vikapanda hadi vilimani.

"Samahani, tata," akasema Nchagwa. "Alama ya nani?"

"Ya Agustina. Si ndiye aliyekutuma?"

Hapo Nchagwa alinyamaza. Ilikuwa jambo la ajabu kiasi kwamba waliomfahamu walihesabu kuwa ni muujiza wa siku hiyo. Akisema mtamba ni wake, wataulizia sikio. Akisema alipewa wa kupeleka Sirari, wataulizia njia. Na katika boma lile, lililojaa wazee wenye fimbo waliopoteza ng'ombe wengi kwa wezi katika maisha yao, hakuona jibu la tatu.

"Ndiye aliyenituma," akasema kwa sauti ndogo.

"Umefanya kazi nzuri, mura. Mkaribisheni, mpeni supu. Amechoka huyu."

Alikuwa ameshika bakuli la supu, bila kujua kama ni ya kunywa au ya kuzamia, Mama Agustina alipotoka ndani ya nyumba. Nyuma yake, katika gauni alilojishonea mwenyewe, alitoka Happy.

"Mwanangu," akasema Mama Agustina kwa ile sauti yake ya chini, "siku hizi Sirari imehamia Itiryo?"

Nchagwa alitazama langoni. Palikuwa pamejaa wazee wenye fimbo.

"Usiogope, kunywa supu yako. Mtu wa kuswaga ningemlipa, na angenidai chai kila kijiji. Wewe umemleta bila kunidai hata senti. Nilipiga simu njia nzima nikawaambia wakupe maji."

"Ulijua?" Nchagwa aliuliza.

"Happy alinishonea mapazia mwaka huu wote. Fundi akishona, anazungumza. Alinieleza habari za kijana mmoja mwenye maneno mengi anayetafuta mtamba. Uliponiambia dume hampokei, nikajua ng'ombe wangu anafika kwa Waitara salama. Nani angemtunza njiani kuliko wewe?"

Nchagwa akamgeukia Happy. Uso wake Nchagwa ulikuwa umeishiwa hila zote, na bila hila ulikuwa uso mzuri tu wa kijana mwenye huzuni.

"Happy, na mimi je?"

Happy hakumcheka. Alikaa kwenye benchi karibu naye, akarekebisha ukosi wa shati lake kama fundi asiyestahimili kuona ukosi umekaa vibaya.

"Nchagwa, wewe uliniambia utakuja kabla ya mavuno. Ukaniambia tena, na tena. Baba alikwisha kupata mzee mmoja mwenye ng'ombe wengi na meno machache. Mama Agustina aliniuliza mimi kwanza, kabla ya baba. Nikamwambia nataka chumba chenye mwanga, cherehani yangu, na mtu asinidanganye. Akasema Jumamosi. Leo ni siku gani?"

"Jumamosi," Nchagwa akajibu.

"Umeona."

Nchagwa akaiweka supu chini. Mama Agustina akaiokota na kumrudishia mkononi, kwa sababu hakuweza kuvumilia kuona kijana ana njaa.

"Sasa tuelewane," akasema. "Mtamba nilikupa wa dawa ya madirisha. Wewe kwa moyo wako ukaamua kumtoa zawadi kwenye harusi yangu, mbele ya wazee wote hawa. Nakushukuru. Lakini madirisha bado. Jumatatu uje. Au niwaulize hawa wazee wanaonaje?"

Wazee waliposikia wametajwa waligeuka, fimbo mkononi.

"Nitakuja Jumatatu, mama," akasema Nchagwa.

"Na lingine. Katika nyumba yangu Happy ndiye atakayesema nani aingie na nani asiingie. Sitamsemea. Mlango ni wake. Wewe una madirisha."

Jumatatu alikwenda. Alijipa sababu nyingi: kwamba wazee wa Itiryo wana miguu mirefu, kwamba hana kreti jingine la kukalia, kwamba kofia ya marehemu ilipaswa kurudishwa. Sababu yenyewe ilikuwa chumba cha ghorofa ya juu, upande wa mawio, ilimowekwa cherehani.

Hakutia buluu safari hii. Maji, sabuni, siki, magazeti. Ngazi aliazimwa na Mzee Elia, ambaye bado alimwita daktari na kumshikia ngazi kwa chini, ili jicho lake jipya lipate kitu cha kutazama. Mabega yalimuuma Nchagwa mahali ambapo hakujua kuna bega. Kila mchana Mama Agustina alimletea ugali wa mtama na mboga, akasimama hadi amalize. Upande wa mbele ulipong'aa, watu wa benki jirani walitoka nje kutazama, wakaona aibu ya vioo vyao. Wakamwita. Kisha wakamwita wa duka la dawa. Kisha mwenye hoteli mpya karibu na stendi.

Viongozi husimama majukwaani kuwahimiza vijana wajiajiri, na wana nia njema. Nchagwa hakuhimizwa na mtu. Alijiajiri kwa kukosa njia ya kutokea. Akanunua ndoo yake, brashi yenye mpini mrefu, na baadaye ngazi. Vijana wa stendi walipomwuliza alianzaje kazi hii, aliwaambia kwamba alisomea ng'ambo, kozi ya vioo vya maghorofa, na kwamba nafasi ni chache. Wawili walimwamini, wakataka kujiandikisha. Akawapa ndoo, wakasugue. Hadi leo wanasugua, wana wateja wao, na wanadhani wamesoma.

Upande wa mawio aliuacha mwisho. Asubuhi alipopanda huko, jua lilikuwa limejaa ndani ya chumba. Happy alikuwa ameketi kwenye cherehani, kitambaa cha kijani mapajani, midomo imeshika pini. Hakuinua kichwa. Nchagwa akasugua kioo kwa makini kuliko alivyowahi kusugua kitu, akasuuza, akakausha pembe zote nne.

Happy akasimama. Akatoa pini mdomoni, akaja dirishani, akagonga kioo na kuonyesha kwa kidole. Pale katikati, mbele ya uso wake kabisa, palikuwa na doa.

Nchagwa akalisugua. Halikutoka. Akaongeza sabuni. Akapuliza pumzi, akasugua kwa mkono wa shati, akasugua kwa kofia. Happy alisogea akatazama, akatikisa kichwa kwa masikitiko makubwa, akaonyesha tena palepale. Nchagwa akasugua hadi ngazi ikayumba na Mzee Elia akapiga yowe huko chini.

"Hiki kioo!" Nchagwa aliita, jasho likimtiririka. "Kina nini?"

Happy akafungua dirisha kidogo, kiasi cha sauti kupita.

"Labda kina mtoto wa jicho, daktari."

Akalifunga. Kisha, akimtazama usoni, akashika pindo la kanga yake na kulifuta doa kwa mara moja tu, upande wa ndani, mahali alipopaka yeye mwenyewe mafuta ya mikono asubuhi ile kabla ya Nchagwa kufika.